Kibodi ya Mbula

Asubuhi Munyao alipochomoa kile kidude kidogo kwenye kompyuta ya mkewe na kuchomeka kingine mahali pake, Mbula alikuwa nje anakama mbuzi, na mtoto wao Ndululu alikuwa chini ya kitanda anatafuta soksi ya shule. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Vidude vyote viwili vilikuwa vyeusi, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, na mtu asiyevijua angeapa ni kimoja. Kimoja kilikuwa cha kibodi na mausi mpya, zile zisizo na waya, ambazo Mbula alifanyia kazi. Kingine kilikuwa cha mausi ya zamani iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa, kikabaki kwenye droo hakina mwenyewe. Munyao alitia kile kizuri mfukoni mwa shati, akafunga kifungo cha mfuko, akaenda kunawa mikono ingawa haikuwa na uchafu wowote.

Alijua kubadilisha kidude hicho kutaharibu kila kitu, kwa sababu Amin ndiye aliyemfundisha, bila kujua anamfundisha nini. Amin alikuwa na duka la kompyuta kule Makindu. Siku alipozileta kibodi na mausi hapa Kambu, alikaribishwa akakaa kwenye kiti cha Munyao, kile chenye mto, akanywa chai ya Munyao, akakiinua kile kidude kwa vidole viwili.

"Ndugu yangu, hiki kinaijua kibodi hii na mausi hii, basi," alisema kwa kile Kiswahili chake laini cha watu ambao babu zao walitoka pwani. "Ukichomeka kingine, hata kama ni pacha wake, hazisikii kabisa."

"Kumbe ni kama mtu na bibi yake," Mbula alisema, akacheka.

Amin naye akacheka. Munyao hakucheka. Aliangalia meno ya Mbula, yote nje, na kichwa kilivyorudi nyuma, akajiuliza ni lini mara ya mwisho yeye kumchekesha hivyo. Hakukumbuka.

Tangu siku hiyo simu ya Mbula ikawa inaita, na kwenye kioo chake linatokea jina moja: Amin Kompyuta. Mbula angeichukua, atoke nje hadi kwenye ua wa miiba, eti ndipo mtandao unaposhika, na kutoka huko kicheko kingemfikia Munyao vipande vipande. Wakati mwingine sauti ilishuka ikawa ya chini, ya mtu anayesema mambo ya ndani. Munyao angeacha kutafuna ili asikie. Hakuwahi kusikia neno zima.

Yeye alikuwa fundi wa magurudumu kando ya barabara kuu ya Mombasa. Malori yalipopasukiwa matairi, aliyaziba. Zamani, kabla ya kompyuta, Mbula alikuwa akimletea chakula mwenyewe mchana, anakaa juu ya tairi kuukuu na kumhadithia habari za kanisani mpaka sufuria iishe. Siku hizi chakula kilitiwa kwenye deli, chombo chenye kifuniko, asubuhi na mapema na Munyao alikibeba mwenyewe kama mwanafunzi. Mbula alikuwa ndani, na vile vitu masikioni, anasikiliza sauti za watu wasiojulikana wakizungumza Kikamba, na kuyaandika maneno yao kwa ajili ya shirika moja la Nairobi. Kazi ilikuwa ya vibarua. Lakini leo, saa tano, kulikuwa na mtihani wa kuandika na mahojiano kwenye skrini, na atakayepita ataajiriwa kabisa.

Akiukosa mtihani, Munyao alifikiri huku akijipangusa mikono, mambo yatarudi. Hakujiambia zaidi ya hapo. Ni mambo gani yatarudi, na yatarudije, hakutaka kujiuliza.

*

"Hii kitu imekataa," Mbula alisema.

Ndululu alikuwa ameshaenda shule. Munyao alikuwa kwenye meza ya chakula na kikombe cha chai iliyopoa. Alikuwa amesema tumbo linamsumbua, hataenda kazini mapema.

"Imekataa aje?"

"Haishiki. Nasukuma mausi, mshale umesimama tu pale katikati." Mbula alibonyeza kibodi, kwanza kwa kidole kimoja, kisha kwa vyote kumi. Hakuna herufi iliyotokea. "Jana ilikuwa sawa kabisa."

Aliigeuza mausi tumbo juu. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Akazima kitufe cha chini, akahesabu kimya kimya, akawasha tena. Akafanya hivyo kwa kibodi. Akasukuma. Mshale haukusogea.

"Labda ni betri," Munyao alisema, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida.

"Taa inawaka, lakini wacha tujaribu."

Alichukua redio kutoka kwenye rafu, akafungua mgongo wake, akahamisha betri. Moja ilimponyoka ikabingirika chini ya kabati. Alipiga magoti, akanyoosha mkono vumbini, na Munyao akaona nyayo za mkewe zilivyopasuka visigino, na leso iliyofungwa kiunoni juu ya sketi nzuri ya kanisani, sketi aliyovaa kwa sababu leo atatazamwa na watu wa Nairobi. Angeweza kusema wakati huo. Ingetosha kusema, hebu ngoja, nadhani nimeona kitu. Angesingizia hata mtoto.

"Munyao, si unisaidie kushika tochi?"

Akashika tochi. Betri ikapatikana. Ikaingizwa. Mshale ukabaki pale pale.

Mbula alizima kompyuta yote, akaiwasha upya. Wakati inaamka, ikivuma kama nyuki, aliuma midomo. Akasogeza redio mbali, akasogeza na simu, kwa kuwa aliwahi kuambiwa vyombo vingine vinaingiliana mawimbi. Akakichomoa kile kidude, akakipuliza, akakifuta kwa leso, akakichomeka tundu la pili, kisha la tatu. Munyao alitazama vidole vyake vikikishika kidude kisicho chake, vikikirudisha kwa upole. Mfuko wa shati ulikuwa mwepesi, hauna uzito wowote, lakini aliusikia kifuani kana kwamba umewekwa jiwe.

"Ngai, leo tu!" Mbula alisema. "Siku zote zingine inashika, leo ndio inakataa."

"Hizi vitu za Amin ni za kichina."

Mbula alifungua droo kutafuta betri nyingine mpya. Mkono wake ukaingia, ukapapasa kati ya nyuzi na vifungo na risiti za stima, ukasimama. Ulikaa hapo kidogo. Kisha akaifunga droo taratibu.

"Hukugusa kitu hapa asubuhi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi? Mimi ni mtu wa magurudumu, nitagusa nini hapo?"

"Nauliza tu."

Alichukua simu, akatoka hadi kwenye ua. Munyao alisogea dirishani. Aliona mgongo wake, na mkono wa kushoto ukipepea hewani vile anavyofanya akiwa na hofu. Upepo ulileta maneno mawili tu, "tafadhali" na "njoo". Basi Munyao akajua. Amin anaitwa nyumbani kwangu, alijiambia, kweupe, nikiwa hapa hapa na tumbo langu linaloniuma. Wivu ulimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, moto kabisa, mpaka akashika chuma cha dirisha. Lile neno alilokuwa karibu kulisema wakati wa tochi likazama.

Mbula alipiga simu nyingine, fupi, kisha akarudi ndani.

"Baba Ndululu," alisema. Alipomwita hivyo, kwa heshima yake yote, ilikuwa ama anaomba kitu kikubwa ama amekasirika. "Nenda kwa Nzomo pale saiba. Muombe kibodi na mausi ya waya, hata kama ni mbovu kidogo. Nitarudisha leo leo. Tafadhali, fanya haraka."

*

Nzomo alikuwa na saiba karibu na stendi, chumba kimoja chenye kompyuta nne na picha za pasipoti ukutani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, mzee wa kanisa lile lile ambalo Munyao na Mbula walisali. Munyao alipoingia, vijana wawili walikuwa wanajaza fomu za mtandaoni, na Nzomo alikuwa anakula ndizi.

"Fundi! Leo kuna gurudumu gani humu ndani?" Vijana wakacheka.

"Nimetumwa na Mama Ndululu."

"Najua, najua." Nzomo alisukuma kwa kiwiko rundo lililokuwa mwisho wa meza: kibodi ya zamani, yenye herufi zilizofutika, na mausi imezungushiwa waya wake shingoni. "Chukua. Herufi ya M ni ngumu kidogo, aibonyeze kwa nguvu. Mwambie namuombea. Huyo mama akipata hiyo kazi, Kambu itajulikana."

Munyao alinyoosha mkono.

"Lakini huyo Amin naye," Nzomo aliendelea, akimalizia ndizi, "anauza vitu vya kufa kila saa ndio apate sababu ya kuja, ama vipi? Nikiwa mimi ndio yeye, na kuna chai nzuri hivyo..." Akakonyeza vijana. "Natania, fundi. Usinune."

Vijana hawakucheka sana, walitabasamu tu huku macho yakiwa kwenye skrini, lakini hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ilimaanisha kwamba haikuwa habari mpya. Munyao aliona jinsi jina lake lilivyokuwa likizungushwa hapa, kati ya fomu na picha za pasipoti, siku asizokuwapo. Mkono wake ulirudi wenyewe.

"Wacha tu," alisema.

"Wacha nini? Ah, fundi, si nimesema natania!"

"Wacha tu. Amin anakuja."

Alitoka. Jua lilikuwa limeshachoma. Lori la mafuta lilipita likitetemesha mabati ya vibanda, na Munyao alisimama kando ya barabara muda mrefu kuliko lori lilivyohitaji. Alifungua kifungo cha mfuko, akakitazama kile kidude kwenye kiganja. Kukitupa kwenye majani ya barabarani kungekuwa rahisi. Kukirudisha kungekuwa rahisi pia: angeinama tu, kama anayefunga kamba za kiatu, huku Mbula akitazama kwingine. Hakufanya moja wala lingine. Alikirudisha mfukoni, akaenda nyumbani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Mbula alikuwa amekaa mbele ya skrini na mikono mapajani. Nywele alikuwa amezichana upya.

"Nzomo amesema hana," Munyao alisema.

Mbula alimtazama. Alimtazama kwa muda, bila ukali, kama mtu anayetafuta kwenye uso wa mwenzake alama aliyoizoea.

"Amesema hana?"

"Zote zinatumika na wateja."

"Nilimpigia kabla hujatoka hapa," Mbula alisema polepole. "Alisema ameshaitoa, iko mwisho wa meza, uje uchukue tu."

Munyao aligeukia mlango. Nje, pikipiki ilinguruma ikisogea, ikazima mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu amjue Amin, alifurahi kwamba amekuja, maana sasa angekuwa na mtu wa kumkasirikia. Alitoka kwa kishindo, kifua mbele.

*

Hakuwa Amin. Alikuwa mwanamke mwenye buibui lililotapakaa vumbi la barabara, na mfuko mkubwa wa plastiki umekumbatiwa kifuani. Tumbo la ujauzito lilianza kuonekana. Alikuwa anamlipa mwenye pikipiki.

"Hodi! Bila shaka wewe ndiye Baba Ndululu," alisema. "Mimi ni Esha, mke wa Amin. Hatujawahi kuonana, lakini nakujua kwa maneno."

Kabla Munyao hajajibu, Mbula alimpita mbio, akamkumbatia mgeni, mfuko na vyote, na akaanza kulia. Munyao hakuwa amemwona akilia asubuhi yote.

"Shoga yangu, hapana, hapana," Esha alisema akimpigapiga mgongoni. "Utaonekana na macho mekundu na watu wa Nairobi. Nimekuja na ya waya. Twende."

Ndani, alipiga magoti kwa shida, akashika kiuno, akachomeka nyaya mbili. Mbula akasukuma mausi. Mshale ukatembea. Akaandika jina lake, likatokea lote, herufi kwa herufi. Palibaki muda kidogo kabla ya mtihani. Esha, kwa mazoea ya kazi, akakichomoa kile kidude kilichokuwa kwenye tundu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Aa," alisema. "Hiki si chake. Cha kwetu kimeandikwa namba pembeni, mimi mwenyewe ndiye niliyekifungua kwenye boksi. Hiki ni cha mausi nyingine kabisa. Nani amekiweka?"

Kompyuta ilivuma. Esha alimtazama Mbula, kisha akamtazama Munyao aliyekuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na uso wake ukabadilika. Akakiweka kidude juu ya meza kwa uangalifu, kama anayeweka kikombe cha moto.

"Najua," Mbula alisema, bila kumtazama mtu. "Nilifungua droo nikakuta cha zamani hakipo. Tuache hayo kwanza. Nifanye mtihani."

Akavaa vile vitu vyake masikioni. Esha akamshika Munyao kwa macho, akamwonyesha nje, akafunga mlango nyuma yao.

*

Walikaa kwenye benchi la jikoni, kwenye kivuli cha mabati, kila mmoja mwisho wake. Kuku walikuwa wanachakura majivu. Munyao aliona ni lazima ampe mgeni kitu, akaingia jikoni akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Esha akashukuru, akanywa yote.

"Simu ya dukani siishiki tu wakati Amin hayupo," alisema baadaye. "Naishika kila siku. Amin hapendi simu. Akiisikia inaita anajificha stoo."

Munyao alimfukuza kuku kwa mguu.

"Kwa hivyo kama ni simu," Esha aliendelea, "ilikuwa ni mimi. Siku zote."

"Jina lilikuwa linasema Amin."

"Ni namba ya duka."

Munyao alingoja. Alingoja ule moto utoke kifuani, maana sababu yake ilikuwa imekufa hapo benchini, mbele ya macho yake, imekunywa maji na kurudisha kikombe. Alitegemea kuona aibu, na aibu ilikuja, tena nyingi, masikio yalimchoma. Lakini chini ya aibu ule moto ulikuwapo vile vile. Ulikuwa umegeuka tu, unamtazama huyu mwanamke.

"Mnaongeaga nini?" aliuliza.

Esha alimgeukia. "Mambo ya kompyuta."

"Watu hawacheki hivyo kwa mambo ya kompyuta."

"Na mambo mengine. Nilipoteza mimba mwaka jana. Watu wa kwangu waliniambia ninyamaze, itapita. Siku moja Mbula alipiga simu kuuliza habari ya printa, akasikia sauti yangu, akaniuliza, dada, umelia? Basi tukaanza hapo." Alishika tumbo lake kidogo. "Mengine ni yetu, Baba Ndululu. Siwezi kukupa yote."

Huko ndani, kupitia ukuta wa matofali, walisikia vidole vya Mbula vikienda mbio juu ya kibodi, vikisimama, vikienda tena. Munyao alisikiliza. Hakuwahi kuusikiliza mlio huo kwa makini. Alijua jinsi Mbula anavyopika, anavyoomba, anavyokohoa usingizini. Hili la kuandika kwa kasi namna hii, bila kutazama, alikuwa amelijua tu kama kitu kinachomnyima chakula cha moto.

"Mimi nami nina wivu," Esha alisema ghafla. "Amin akimsifu mteja fulani ni mwerevu, namchukia huyo mteja wiki nzima. Lakini sijawahi kuvunja kompyuta ya mtu."

"Sikuvunja."

"Haya. Hukuvunja."

Mlango ulipofunguliwa, Mbula alitoka na uso mchovu, akasema amemaliza yote, mahojiano yalikwendaje hajui. Esha akamkumbatia. Akakataa chakula, akasema jua litamzidi njiani, ile ya waya ibaki mpaka Mbula asiihitaji tena. Mbula alimsindikiza hadi barabarani. Munyao hakuambiwa aende nao.

*

Mbula aliporudi, alimkuta Munyao amesimama mbele ya meza ya kompyuta. Vidude viwili vilikuwa juu yake, kando kwa kando.

"Mama Ndululu," alisema. "Nimekosa."

"Ndio."

"Nilidhani ni Amin."

"Hukuniuliza. Hata siku moja hukusema, Mbula, huyo ni nani." Alivua leso kiunoni, akaikunja, akaikunjua. "Nilipoona droo, unajua nilifanya nini? Nilisema moyoni, wacha nimpe nafasi. Ndio nikakutuma kwa Nzomo. Nikasema, akiwa njiani roho itamrudia, atarudi nacho, ama basi arudi na ile ya waya, na mimi nitajifanya sijui mpaka kufa. Wallahi ningejifanya." Neno hilo la watu wa kina Esha lilimtoka bila yeye kujua, na Munyao alilisikia, na likamchoma. "Ukarudi mikono mitupu. Ukaniangalia machoni, ukanidanganya."

"Nzomo alinitania mbele ya vijana."

"Na mimi? Ningewaambia nini wale watu wa Nairobi? Mtoto wako huyo anasoma kwa pesa gani?"

Munyao aliinamisha kichwa. "Ulikuwa unacheka," alisema, na papo hapo akasikia jinsi lilivyo dogo.

"Kwa hivyo nisicheke?"

"Na mimi hunichekei."

Mbula alikaa kitini. Kwa muda ilionekana kama hasira imemtoka na pakaja kitu kingine, kizito zaidi. "Ukirudi jioni ninakusalimia," alisema, "unaniuliza kama mtu wa Makindu amepiga. Nikikupa chakula unauliza mbona chumvi ni kidogo, mawazo yako wapi. Nitakuchekea wapi, Munyao? Nitaingilia wapi?"

Munyao akasema, "Twende tumwone mchungaji. Atukalishe chini."

"Tutaenda. Lakini mchungaji hakuchomoa kitu. Mchungaji hatanilindia kompyuta nikienda kukama mbuzi." Alivuta pumzi. "Sitafanyia kazi hapa tena. Nikipata hii kazi, nikikosa, nitatafuta chumba pale sokoni, chenye kufuli langu. Jioni nitarudi nyumbani kama mtu yeyote anayetoka kazini. Sikuachi. Lakini kompyuta haitalala mahali ambapo naiogopea."

Hakupandisha sauti. Munyao angependa apandishe. Kelele angezijibu kwa kelele. Alisema, "Sawa," na hakuna aliyemsikia, kwa hiyo akasema tena.

*

Habari ya kazi ilikuja wiki iliyofuata. Mbula aliisoma kwenye simu akiwa jikoni, akampigia mama yake, akampigia Esha, kisha akatoka nje kumwambia Munyao aliyekuwa anafunga mbuzi. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, naye Munyao akasema, "Mungu ni mwema." Alikuwa na furaha, kweli alikuwa nayo, lakini ilikuwa imechanganyika na ule moto wa wivu, na hakuweza kuvitenganisha. Alikuwa wa tatu kuambiwa. Aligundua amehesabu, akajichukia kwa kuhesabu.

Chumba kilipatikana ng'ambo ya barabara, katikati ya duka la mbegu na kinyozi. Jumamosi Munyao aliomba mkokoteni kwa muuza maji. Alizifunga nyaya mwenyewe, akaifunika skrini kwa blanketi la Ndululu, akaipanga mizigo ili isigongane. Mbula alitangulia kufagia. Walipofika kando ya lami, Munyao na mwenye mkokoteni, ilibidi wangoje msururu wa malori uishe.

"Mnahama, fundi?" mwenye mkokoteni aliuliza.

"Hapana. Bibi yangu amepata kazi."

"Aiya! Kazi ya nini?"

"Ya kuandika. Anasikiliza watu na anaandika wanachosema." Alifikiri kidogo. "Anaandika haraka sana, haangalii hata mikono."

Walivuka. Mbele ya chumba, meza ilikataa kupita mlangoni ikiwa imesimama, ikahitaji kulazwa ubavu na kushikwa na watu wawili wenye nguvu. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshaitwa na mteja mwingine. Kinyozi alitoka kwake na taulo begani. Jina lake Mutie, kijana mrefu, shati limenyooshwa pasi, na harufu ya mafuta mazuri ilimfikia Munyao kabla yake. Alikuwa anatabasamu. Kumbe atakuwa hapa kila siku, Munyao alifikiri, ukuta kwa ukuta, asubuhi hadi jioni, na mimi niko kule kwenye magurudumu.

"Mama karibu sana, tumepata jirani!" Mutie alisema akichungulia ndani. Kisha akamgeukia Munyao, akakunja mikono ya shati. "Mzee, nishike upande huu?"

Munyao alitazama ndani. Mbula alikuwa ameinama na ufagio, mgongo kwao, anakusanya vumbi la pembeni. Hakuwa anawasikiliza.

"Shika," Munyao alisema.